Siki

Makame aliacha vidonge vyake mwezi wa Novemba,
na aliyemwachisha ni mimi.

Si kwa ubaya. Saa nane ya usiku, Foleshill, Coventry,
mvua ikigonga mapipa ya taka uchochoroni,
nimelala ubavu, simu kifuani,
yule bwana akazuka kiooni:
koti jeupe, kipimo cha moyo shingoni kama kidani,
meno yaliyopangika, sauti ya asali.
"Sukari si ugonjwa," alisema. "Sukari ni biashara yao."
Siki vijiko viwili, mdalasini, maji vuguvugu,
na vidonge vitupe chooni.

Watu laki tatu walishamwamini kabla yangu.
Wengi wape. Nikawapa.
Nikaituma video kwenye kundi la familia,
watu arobaini na sita, kutoka Wete hadi Milton Keynes,
nikatia chini yake viganja viwili vya dua.

Wiki ya tatu Makame akawa anakunywa maji kama mchanga.
Ghalani, juu ya foklifti,
akaona herufi za maboksi zinaogelea.
Kidole cha mguu kilichochubuliwa na kiatu
kikakataa kupona.
Kipimo kilisema ishirini na nne.
Daktari akauliza vidonge viko wapi.
Makame alinitazama, kisha akatazama dari,
akasema, "Nilisahau."

Miaka kumi na tisa ya ndoa,
hajapata kunipa zawadi kubwa kuliko ile,
nami sikuwa na mikono ya kuipokea.

Jumanne nilikwenda maktaba kuchapisha fomu tu.
Harpreet wa mezani, na kikohozi chake kisichokwisha,
akaona ninachokitazama.
Hakucheka. Akavuta kiti.
"Koti lile," akauliza, "amelishonesha wapi?"
Tukalitafuta jina lake. Daftari la madaktari halikumjua,
hospitali hazikumjua.
Tulimkuta dukani, duka lake mwenyewe,
akiuza siki, chupa pauni thelathini na mbili.

"Usiingilie mlango wa mbele," Harpreet alisema.
"Zunguka nyuma. Nani kaandika? Lini?
Na huyu anakula wapi?
Mwenye dawa moja ya maradhi yote, mkimbie.
Anayekwambia 'hili bado hatujalijua',
huyo msikilize mara mbili."
Kiingereza cha Coventry kitupu,
lakini mimi nilimsikia bibi yangu
akiinusa samli ya muuzaji
kabla hajafungua pindo la kanga.

Mficha maradhi, kifo humuumbua:
hilo tulifundishwa.
Habari za asiyeyaficha hatukuambiwa,
anayeyanong'oneza usiku wa manane
kwa kioo chenye masikio, kisicho na moyo.

Ikabaki kazi yenyewe. Kuandika.
Niliandika, nikafuta, nikaosha vyombo, nikaandika:
"Ile video ni uongo. Niliituma mimi. Makame ana kidonda."
Alama za samawati zikawaka moja moja.
Kimya.
Kisha binamu Subeti: "Wazungu wamekulipa ngapi?"
Kisha Bi Time, asiyeandika, anayetuma sauti tu;
nikasikia kuku, nikasikia pumzi ndefu:
"Mwanangu, mimi vyangu niliviacha tangu mwezi jana.
Nianze leo, au ningoje kesho?"

Nilikaa chini, sakafuni pale pale.
Kisha nikampigia. Sikumpa jibu, sina jibu;
nilimwambia asubuhi aende hospitali,
abebe kopo lake, aulize,
na asione haya kusema ni mimi.

Kidole kimefunga, kwa taabu.
Subeti bado hanisalimu.
Siki ingalipo kabatini.
Maji ya hapa yana chokaa;
kila Jumapili naimimina birikani,
inatokota, inang'oa ukoko.
Kwa hilo inafaa. Nimeona kwa macho yangu.